Siku Mzee Maduhu Alipoiamkia Picha

Kabula mwanangu,

Hii ni karatasi ya nne. Ya kwanza niliiandika anwani juu upande wa kulia, tarehe chini yake, na katikati nikaweka YAH: SAFARI YAKO YA MASOMO, nikapigia mstari kwa rula. Mama yako akapita na ndoo ya maji, akasoma, akaniuliza kama namwandikia mtoto au namwandikia katibu tarafa. Ya pili na ya tatu sitazieleza. Kwenye hii ya nne rula nimeiweka mbali.

Salamu naziruka, maana tumeamkiana asubuhi, kisha tukaamkiana tena uliponikuta mlangoni mwa chumba chako nikijifanya natafuta nyundo. Mambo ya chandarua, dawa, shuka na watu wa kuwaogopa ndani ya basi mama yako ameyamaliza, tena mara mbili. Kesho saa kumi na mbili asubuhi unaondoka kwenda Arusha. Sasa ni saa kumi jioni, uko saluni unasukwa, na mimi nina kazi moja tu. Nataka kukuambia kabla hujaondoka kwamba kuna kitu chako nilikichukua miaka minne iliyopita, nikakaa nacho, watu wakanipigia makofi kwa ajili yake. Unakijua. Hujawahi kukitaja hata siku moja. Ninaandika kwa sababu nikijaribu kusema kwa mdomo nitaishia kukuuliza kama umepaki soksi.

Lazima nianze na woga wangu, kwa sababu bila huo hutanielewa. Ulipozaliwa tulikuwa tumepanga chumba kimoja Nyasubi, pale Kahama. Nilikuwa na miaka ishirini, bado nasomea utunzaji wa kumbukumbu. Muuguzi alitoka, akakuweka mikononi mwangu umefungwa kitenge cha bibi yako, na mimi nikamuuliza nisaini wapi. Akanitazama kidogo, akasema, "Huyu hasainiwi, baba. Anabebwa tu." Nikakubeba. Njia nzima hadi nyumbani nilikuwa nageuka nyuma, nikingoja mtu atokee aniombe hati.

Hata shuleni Ushirombo nilikuwa hivyo. Darasa la sita mwalimu wa jiografia alituandikia ubaoni kwamba mto fulani unatiririka kuelekea kusini. Mimi nilijua unakwenda kaskazini, nilikuwa nimeuona kwenye ramani ya ofisi ya parokia, ambako baba alinituma mara nyingi. Sikunyoosha mkono. Niliandika kusini kwenye daftari la shule, na kaskazini kwenye daftari la nyumbani, na kwa mwaka mzima nikawa na mto mmoja unaokwenda pande mbili. Kwenye mtihani ukatoka. Nilikaa na swali lile mpaka kengele ikalia, nikaliacha wazi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekabidhiwa glavu.

Unakumbuka zilipokuja. Kituo chetu cha mafunzo kilikuwa bado kinafundisha usalama kwa chati za ukutani, na wachimbaji wadogo waliokuja kutafuta kadi za kuingilia kwenye mashimo yenye leseni walikuwa wanalala kwenye viti vya nyuma. Kisha mradi wa usalama migodini ukatuletea glavu jozi sita na miwani mikubwa sita. Nilitumwa stendi kuzipokea. Nikapanda bodaboda nikiwa nimekumbatia boksi, nikamwambia kijana aende polepole, akaenda polepole, nikamwambia apunguze.

"Karani, umebeba mayai?"

Nikamwambia ni glavu.

"Za maharusi?"

Tulipofika alikataa nauli ya ziada, akasema amepumzika vya kutosha.

Wewe umezivaa mara nyingi kuliko mimi, lakini acha niseme, maana nataka ujue kwamba nilikuwa naziangalia. Ni nyeusi, nyembamba, na ndani ya kila kidole kuna nyaya laini na vihisio vidogo kama punje za ulezi, vinavyojua umekunja kidole au umekinyoosha. Ukizivaa pamoja na ile miwani, ukumbi unabaki ukumbi, meza unaiona, mwenzako unamwona anakuna kichwa, ila ukutani panafunguka mdomo wa shimo na matimba yake, yale magogo yanayouzuia udongo usiporomoke. Na mlangoni anasimama mzee wa picha, ana ndevu nyeupe na kofia ngumu. Anasema, "Karibu. Pokea taa yako." Unanyoosha mkono, unaishika taa isiyokuwepo, na glavu inakubana vidole kidogo kana kwamba ipo. Ukishaipokea taa ndipo unaingia shimoni kukagua matimba. Usipoipokea huingii.

Aliyemchora yule mzee alikuwa na nia nzuri. Alidhani wachimbaji watamheshimu mtu mzima zaidi kuliko kijana. Ni kweli walimheshimu. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mimi nilikuwa nimesaini kuzipokea, kwa hiyo nilizikagua kila jioni kabla ya kuzifungia kabatini. Jozi sita ni vidole sitini. Kila kidole nilikikunja, nikakinyoosha, nikaandika "kizima". Mama yako aliwahi kuniuliza kama vidole vyake mwenyewe navijua hivyo. Na kitabu cha maelekezo nilikisoma mara mbili, nadhani ni mimi peke yangu niliyekisoma pale kituoni. Kilisema hivi: ukigusa kifundo cha mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, orodha ya amri inafunguka. Ukifumba kiganja wakati orodha iko wazi, umechagua amri ya juu. Na amri ya juu ilikuwa "Anza upya".

Sasa fikiria mtu aliyelelewa huku kwetu akipokea kitu kutoka kwa mtu mwenye mvi. Mkono wa kulia unakwenda mbele, wa kushoto unaushika wa kulia pale pale kifundoni, goti linakunjwa kidogo. Kisha unafumba kiganja, umepokea.

Wa kwanza niliyemwona akipata taabu alikuwa Mzee Maduhu. Huyo unamjua vizuri, lakini wakati ule kwangu alikuwa jina kwenye orodha. Amechimba kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, tangu ujana wake. Anagonga mwamba kwa kifundo cha kidole, anasikiliza, anakuambia utoke au ubaki. Tulimvisha miwani na glavu, akasimama katikati ya ukumbi, akavuta pumzi.

"Mwangaluka, baba," akamwamkia kwa Kisukuma yule mzee wa picha.

"Karibu. Pokea taa yako."

"Wabeja," akajibu, akainama, akapokea kwa adabu zote. Taa ikapotea. Mzee wa picha akarudi mlangoni, akaingia upya, akasema karibu, pokea taa yako. Mzee Maduhu akaamkia upya, akashukuru upya, akapokea. Taa ikapotea. Alipoingia mara ya nne, Mzee Maduhu aligeukia upande wetu na kusema taratibu, ili mwenyewe asisikie, kwamba huyu mzee ana kisahau, akauliza kama ana watoto wa kumwangalia. Mara ya sita akaomba aletewe kiti. Si yeye akae, yule mzee wa picha ndiye akae, maana amesimama mlangoni muda mrefu na umri wake ule.

Watu walicheka. Mimi niliandika: Ameshindwa hatua ya kwanza.

Katika majuma mawili niliandika hivyo kwa watu tisa. Wote walikuwa watu wa vijijini, wote wenye adabu. Vijana wa mjini walipita wote, kwa sababu waliinyaka taa kama mtu anayenyaka chenji. Kanuni ilisema ukishindwa mara mbili jina linafutwa, hupati kadi, na bila kadi huruhusiwi kushuka. Mkuu wetu, Bwana Shabani, aliniita akaniuliza kama nimewahi kuona watu wagumu kuelewa kiasi hiki. Nikasema, "Hapana, Bwana."

Kabula, nilikuwa nimeshajua. Nilijua tangu siku ya pili. Kwenye skrini pale mezani kwangu nilikiona kile kiboksi kinafunguka kila mkono wa kushoto ulipogusa wa kulia. Nikaandika kwenye kijitabu changu cha mfukoni: "Kifundo. Orodha inafunguka. Niulize?" Na ile alama ya kuuliza ilikaa mfukoni mwangu siku kumi na moja. Nilisema moyoni kwamba waliotengeneza glavu ni wataalamu na mimi ni karani. Nikasema Bwana Shabani angeliona mwenyewe. Nikasema kesho. Ungenisikia nilivyokuwa na sababu nzuri, ungedhani ni mtu anayefikiri.

Siku ya kumi na moja ya alama ile ulikuja wewe.

Ilikuwa likizo, una miaka kumi na mitatu, mama yako alikutuma uniletee chakula. Ukumbini walikuwepo wageni wawili kutoka makao makuu ya mradi, wamevaa suti, na Bwana Shabani alikuwa anawaonyesha kazi ilivyo ngumu. Mzee Maduhu alikuwa kwenye jaribio lake la pili na la mwisho. Ulisimama karibu na meza yangu, hotpoti mikononi, unaangalia skrini. Mzee wa picha akaingia. Akaingia tena. Mzee Maduhu akaanza kumuuliza habari za ng'ombe wake. Ukacheka.

Kicheko chenyewe hakikuwa cha dharau, na mimi nilijua hakikuwa cha dharau. Kisha ukasema, kwa sauti ile ile unayotumia kuniambia nimekosea vifungo vya shati, "Baba, si kwamba hajui. Akishika mkono wake ndiyo kile kiboksi kinafunguka. Anapokea kwa heshima, mashine inadhani anataka kuanza upya. Mwambieni aushushe mkono wa kushoto."

Mzee Maduhu akasikia. Akauliza akiwa bado ndani ya miwani, "Huyo mtoto anasema nini? Nipokee kwa mkono mmoja kama nampokonya? Mtu ana mvi."

Wageni wakageuka. Bwana Shabani akageuka. Mimi nikasimama haraka mpaka kiti kikaanguka nyuma yangu, na nikasema maneno ambayo nimeyasikia karibu kila siku tangu hapo. Nilisema, "Nyamaza, Kabula. Nani kakufundisha kusahihisha watu wazima? Piga magoti uwaombe radhi."

Ukapiga magoti. Hotpoti ilikuwa bado mikononi mwako, kwa sababu hakuna aliyekupokea. Ukasema samahanini, ukasimama, ukaiweka mezani kwangu polepole ili mchuzi usimwagike kwenye karatasi zangu, ukatoka.

Ulikuwa ugali na sato. Nimejaribu sana kukumbuka kwamba chakula kilinikwama kooni, ingependeza kwenye barua hii. Hakikunikwama. Nilikula chote, nikafuta mchuzi kwa kidole.

Nataka nikuambie sasa ambacho ulistahili kuambiwa jioni ile. Hukukosa adabu. Sikukukemea kwa sababu ulikosea, nilikukemea kwa sababu ulisema kwa dakika moja kile nilichokuwa nakificha kwa siku kumi na moja, na nilidhani kila mtu ataona kwenye uso wangu kwamba nilikijua. Hakuna aliyeuangalia uso wangu. Watu walikuwa wanaangalia skrini.

Mchana ule ule Bwana Shabani akaniagiza niandae orodha ya majina tisa ya kufutwa. Nilikaa na orodha. Nilifika kwenye jina la Mzee Maduhu na mkono ukagoma, si kwa ushujaa, nadhani ni kwa aibu tu. Badala ya orodha nikaandika taarifa ya ukurasa mmoja. Ilianza hivi: "Imebainika kuwa namna ya kupokea vitu kwa heshima iliyozoeleka na washiriki inafungua orodha ya amri bila wao kukusudia." Ni sentensi nzuri, nimeandika nyingi za namna hiyo maishani. Inamfaa sana mtu mwoga, maana ndani yake hakuna mtu. Imebainika. Yenyewe tu, kama uyoga.

Bwana Shabani alikuja mezani kwangu na ile karatasi.

"Nani amebaini?"

"Ofisi, Bwana."

"Ofisi ni mimi na wewe. Mimi sijabaini kitu."

Nikanyamaza. Kimya changu akakichukua kama unyenyekevu, akanipiga bega. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja, jina lako, silabi tatu. Nilishika ukosi wa shati, nikasema, "Asante, Bwana."

Yaliyofuata uliyaona. Mafundi walibadilisha glavu, orodha ikawa inafunguliwa kwa kugusa bega, na wote tisa wakarudia wakafaulu. Mzee Maduhu alipoipokea taa ikabaki mkononi, alimwambia mzee wa picha kwamba Mungu amemsaidia amepona. (Aliyeendelea kupata shida ni mimi peke yangu. Nikiogopa hushika ukosi, na ukosi uko jirani na bega, kwa hiyo mpaka leo sijawahi kufika shimoni.) Nikapewa cheti chenye fremu, nikafanywa karani mkuu. Mama yako akapika pilau. Wewe uligawa soda. Bwana Shabani akasimama sebuleni kwetu akasema Baba Kabula ana jicho la kuona, na wewe ulikuwa umesimama nyuma yake na kreti, ukaniangalia, ukaangalia chini, ukamuuliza kama anataka ya baridi au isiyo ya baridi.

Nilingoja useme. Siku hiyo, juma lile, mwaka ule. Ningepata nafuu kama ungenifokea. Mzee Maduhu alituletea jogoo wa shukrani, jogoo mwekundu, mkubwa, nami nikashindwa kumchinja kwa sababu nilijua si wangu. Mama yako akauliza, nikasema ni mbegu nzuri. Akakaa uani miaka miwili akiniwikia dirishani saa kumi alfajiri, akawadonoa wageni, akapanda juu ya kitanda chako, na wewe ukampa jina la Meneja. Alipokufa kwa uzee nilimzika nyuma ya choo, na mama yako hajaacha kunisimulia hilo mbele ya watu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini kosa lililo baya zaidi ni la mwaka huu. Ulipoomba nafasi ya chuo uliniletea barua yako ya maombi niihakiki. Uliandika kwamba unataka kusomea vifaa vya kielektroniki, hasa vile vinavyosoma mikono ya watu, kwa sababu mikono ya watu wa huku haifanani na ya watu waliotengeneza. Nikafurahi. Kisha uliandika: "Baba yangu, ambaye ni karani, ndiye aliyegundua jambo hili, nami nataka kuwa kama yeye." Nilisoma mara tatu. Ulikuwa umekaa pale kwenye kochi, unakata kucha, hukuniangalia. Sijui mpaka leo kama ulikuwa unanipa zawadi au unanipa nafasi. Nikachukua kalamu. Nikaongeza mkato mmoja baada ya neno "karani", ingawa mkato ulikuwepo tayari, nikaufuta, nikakurudishia, nikasema iko vizuri.

Ukaenda kuituma.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Mama yako alidhani ni kifua. Na leo asubuhi, uliponiona navaa tai, nilikudanganya kwamba kuna kikao. Nilikwenda ofisini kwa Bwana Shabani. Unamjua alivyo, watu wao walitoka pwani zamani na biashara zao, hana haraka, hata hasira yake inakuja na kahawa. Nilimwambia nina jambo. Akaniambia nikae. Sikukaa. Nilimweleza yote kwa kusimama, toka kijitabu cha mfukoni mpaka jogoo, na nilipomaliza nikasema niko tayari kurudisha cheo na fremu.

Alikoroga kahawa yake.

"Baba Kabula, ile miwani inarekodi. Sauti na picha. Jioni ile ile tuliisikiliza, mimi na wale wageni. Sauti ya mtoto iko wazi kabisa. Na yako ipo."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilitaka kusema siku ya cheti. Nikakuona unavyotetemeka, nikaogopa utazirai mbele ya watu." Akanywa. "Baadaye nikasema moyoni, hili ni la nyumbani. Nilidhani mtoto ulishamwomba radhi siku nyingi."

Nikamwambia bado.

Hakunigombeza. Alinitazama tu, kama yule muuguzi wa Kahama. Kisha akachukua faili la glavu kwenye rafu, akafungua kwenye taarifa yangu, akanisukumia kalamu, akasema niandike mwenyewe, si mimi ndiye karani? Nikaandika pembeni: "Jambo hili liligunduliwa na Kabula, mwanafunzi, umri miaka kumi na mitatu, aliyekuwa amemletea baba yake chakula." Akasoma, akauliza kama habari ya chakula ni ya lazima. Nikasema ni ya lazima. Nikasaini. Akagonga muhuri. Cheo amesema tutazungumza Jumatatu, na kwa namna alivyolitamka neno "tutazungumza" sina hakika nitabaki nacho. Ndiyo, ninaogopa. Lakini nimeshaogopa vitu vingi ambavyo havikuwa vikubwa kama hiki, kwa hiyo afadhali.

Ukifika chuoni, wakikuuliza habari ya barua yako, sema ilivyokuwa. Usinifiche. Kama watasema ulidanganya, waambie baba yako alihakiki akapitisha, na nakala ya ukurasa ule wenye muhuri nimeiweka kwenye bahasha ya vyeti vyako.

Sikuambii uache adabu. Nimeona watu wakilisikia jambo kama hili wanasema, unaona, heshima inatuchelewesha. Sivyo. Mzee Maduhu aliiamkia picha kwa sababu kwake hakuna anayekupa kitu akawa si mtu. Yule ana heshima, na ikabidi mashine ndiyo ijifunze kwake. Mimi siku ile sikuwa na heshima yoyote, nilikuwa na woga, nikakupigisha wewe magoti ili woga huo usionekane. Vinafanana sana kwa nje. Mimi nimechukua miaka minne kuvitofautisha na bado naweza kukosea. Utakutana na walimu, wakubwa wa kazi, labda na mume. Siku utakaponyamaza mbele yao, jiulize tu ni kipi kati ya hivyo viwili. Mara nyingine itakuwa heshima kweli, na hapo nyamaza kwa amani.

Na ukipata mtoto akakusahihisha mbele ya watu, uso utawaka moto. Ni kama dakika tatu hivi. Zinapita. Hakuna aliyenieleza kwamba zinapita.

Sasa jambo la mwisho. Barua hii nilipanga kuitia ndani ya begi lako, chini kabisa, chini ya shuka na viatu. Nilikuwa nimeshapima. Ungeikuta Arusha unapotandika kitanda, ukiwa umeshazipita Kahama, Isaka, Nzega na Singida, mahali ambapo huwezi kuinua macho ukaniangalia. Nilijiona mwerevu sana. Mama yako ndiye aliyeniharibia. Amepita tena hapa sasa hivi, akaona karatasi zimekuwa nyingi, akauliza utapewa lini. Nikamweleza mpango wa begi. Akacheka mpaka akaweka ndoo chini. Akasema, "Baba Kabula, mtoto umempigisha magoti mbele ya watu, radhi unataka kumwomba kupitia viatu?"

Kwa hiyo begi limeshindikana. Leo tukishamaliza kula, mama yako akiwa amekaa na wewe umekaa na nywele zako mpya, nitasimama niisome yote, toka pale kwenye katibu tarafa. Nitaisoma vibaya. Sauti itapungua, mama yako atasema nipaze, na kuna sehemu, unaijua ni ipi, ambapo najua kabisa nitasimama nishindwe kuendelea. Tangu mdogo una tabia ya kunimalizia sentensi nikikwama, kwa wenye nyumba, kwa walimu wako, hata kwa bibi yako. Leo usinimalizie, mwanangu. Nikikwama, kaa kimya uningoje. Nitaimaliza mwenyewe.

Baba yako